Jina Moja, Mikono Mingi

Machimbo ya dhahabu ya Osiri yako Nyatike, kaunti ya Migori, upande wa kusini unaoelekea Tanzania. Ukivuka mpaka unaingia Rorya, na huko, kaskazini ya mji mdogo wa Shirati, kuna kijiji cha Nyamagongo alikozaliwa Daniel Owino Misiani mwaka 1940. Misiani alivuka kuja Kenya, akaunda bendi katikati ya miaka ya 1960, na alikuwa bado anaiongoza Mei 2006, ajali ya barabarani ilipomuua mjini Kisumu. Miaka 40 hivi ya kazi hiyo tunaikumbuka kwa jina moja, Shirati Jazz, ingawa bendi iliwahi kuitwa Victoria Boys, Luo Sweet Voice, Shirati Luo Voice Jazz na D.O. 7 Shirati Jazz. Watu wake walibadilika kuliko majina. Wapiga gita waliingia wakajifunza, wakaondoka na kuanzisha bendi zao. Wengine walirudi, wengine walikufa, na waliobaki waligombana na kupatana. Basi mtu anayejisifu kwamba ana nyimbo zote za Shirati kwenye flashi yake, ana nyimbo za bendi ngapi hasa?

Swali hilo lina uzito kuliko linavyoonekana, kwa sababu muziki tunaousikia hautoki kwa jina. Unatoka kwa mkono wa mtu fulani juu ya uzi fulani, usiku fulani. Nadai kwamba kwa bendi zinazobadili watu kila mara, ushahidi bora wa bendi ilikuwa nini ni rekodi za jukwaani, zile zilizofanywa bendi ikipiga mbele ya watu. Studio hutunza wimbo na jina lililouuza. Jukwaa hutunza mkusanyiko: hawa waliokuwepo, walivyosikilizana, na mbele ya nani. Nadai pia kwamba kwetu rekodi hizi zinachukuliwa kama takataka za sherehe, vitu vya kupitishana kwenye simu hadi vifutike, na kwamba tunapoteza sehemu ya historia ambayo santuri haiwezi kutupa.

Nianze na jinsi muziki wenyewe unavyojengwa. Benga, muziki uliopigwa na Shirati, ni mchanganyiko tangu kuzaliwa kwake. Vijana wa Kiluo walioshika gita katika miaka ya 1950 na 1960 walichukua mapigo ya nyatiti, ala ya nyuzi nane, na sauti ya orutu yenye uzi mmoja, wakayahamishia kwenye gita. Walikuwa wakisikiliza pia upigaji wa vidole kutoka Katanga, ambao Mwenda wa Bayeke aliupigia hadi Nairobi mwishoni mwa miaka hiyo ya 1950, na rumba ya Kongo iliyofuata nyuma yake. Gita la solo likapewa kazi ya kumfuata mwimbaji, kumjibu mwisho wa mstari, na kushika njia mara anaponyamaza. Besi nayo ikaacha kujificha nyuma. Ikaja mbele, ikidunda kwa kasi na kuwasukuma wengine. Anayeona neno Jazz kwenye jina la bendi asitafute saksafoni na tarumbeta, maana mara nyingi hazipo. Lakini kanuni kuu ya jazz ipo, ile iliyorithiwa pia na wale waliochanganya jazz na roki kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1960: wimbo ni mfupa, na nyama inawekwa papo hapo na waliopo. Akibadilika mpiga solo, wimbo uleule unakuwa mnyama mwingine.

Studio haikuwa na nafasi ya kuonyesha hayo. Santuri ndogo ya mizunguko 45 kwa dakika ilibeba dakika chache tu kila upande, hivyo wimbo ulikatwa vipande viwili, sehemu ya kwanza na sehemu ya pili, na msikilizaji akageuza santuri katikati ya utamu. Waliolipia studio walitaka wimbo unaouzika, si kumbukumbu ya nani alipiga nini. Wala siwalaumu, kwa kuwa bila wao tungekuwa na kimya. Studio ya Chandarana pale Kericho ilirekodi bendi ambazo Nairobi isingezijali. Phares Oluoch Kanindo, aliyekuja kuwa mbunge wa Homa Bay, alisambaza benga hadi kusini mwa Afrika, kiasi kwamba nchini Zimbabwe watu waliuita muziki huo Kanindo, na lebo yake ya Sungura ikaupa muziki wa gita wa nchi hiyo jina ulilo nalo mpaka leo. Ni mafanikio ambayo wasanii wengi wa sasa hawajayakaribia. Ila tazama ni nini kilichosafiri: jina la mfanyabiashara na jina la lebo. Mpiga besi alibaki nyumbani, na jina lake lilibaki naye.

Mambo yalizidi kuvurugika pale bendi moja ilipotoa rekodi kwa majina kadhaa. Ochieng Nelly Mengo alipiga pamoja na Misiani siku za mwanzo, kisha mwaka 1972 akaunda Victoria Jazz na Collela Mazee. Victoria nayo ilibadili watu na kubadili majina, Victoria Kings likiwa maarufu zaidi. Kwa hiyo tuna bendi moja yenye majina mengi, na jina moja lililobeba bendi nyingi, na kwenye lebo ya santuri nafasi ya kuandika maneno machache tu. Anayetaka kujua leo nani alipiga solo katika wimbo fulani wa mwaka 1974 anabaki kukisia kwa sikio au kuwauliza wazee. Ndiyo kazi iliyoikabili Ketebul Music ya Nairobi, chini ya Tabu Osusa, ilipoandaa mradi wa Retracing the Benga Rhythm mwaka 2008: iliwabidi kuwatafuta wanamuziki wenyewe na kuwahoji, maana santuri zilikuwa bubu.

Sasa weka rekodi ya jukwaani kando ya santuri hiyo. Tofauti ya kwanza ni muda. Ukumbini hakuna anayegeuza santuri, na wimbo wa dakika saba unaweza kwenda robo saa na zaidi. Katika urefu huo ndipo unaposikia bendi ikifikiri. Mpiga solo anajaribu njia, anaikataa, anarudi. Gita la pili linamshika asianguke. Mpiga dramu anaona wachezaji wamechoka anapunguza, au anaona wamepata moto anaongeza. Bendi iliyokaa pamoja miaka mitano husikika tofauti na ile iliyompata mpiga besi mpya wiki iliyopita, na sikio lisilo na mafunzo yoyote linaweza kuitambua tofauti hiyo: yule mgeni hucheza kwa tahadhari, anangoja, anaingia nusu pigo nyuma. Studio ingemrudisha apige tena. Jukwaani kosa lake linabaki, na kosa hilo ni tarehe. Linatuambia alikuwa mgeni.

Tofauti ya pili ni pakruok, na hapa lazima nikae kidogo. Katika dansi za Waluo, iwe ni benga au ohangla, mtu hununua nafasi ya kusifiwa au ya kujisifu mwenyewe. Hutoa pesa, muziki unashushwa au unasimama kabisa, naye anachukua kipaza sauti au anamtuma mwimbaji amtaje: ukoo wake, kwao, rafiki zake, mke wake, kazi anayojivunia, na majigambo ambayo wenzake wataondoka nayo. Kisha muziki unarudi kwa nguvu, hadi mwingine atoe noti. Mahali kama Nyatike, ambako tangu enzi za mgodi wa Macalder wakati wa ukoloni pesa ya ardhini huja kwa ghafla na kuondoka kwa ghafla, desturi hii ina maana ya pekee, kwa kuwa aliyepata leo ana sababu ya kutajwa leo. Sasa fikiria rekodi ya usiku mmoja wa namna hiyo. Ndani yake kuna orodha ya watu waliokuwa ukumbini, mahali walikotoka, nani alikuwa na pesa na nani alikuwa na maneno. Na kwa kuwa mwimbaji huwasifu wenzake pia, kuwaita kwa jina kabla ya kuwaachia nafasi, kuna orodha ya bendi vilevile. Nani angeandika waraka kamili kuliko huo bila kujua kwamba anaandika waraka?

Wenzetu wa mbali wamelitambua hili mapema. Kundi la Kiingereza la Soft Machine lilianza Canterbury mwaka 1966 na likawa miongoni mwa makundi ya mwanzo Ulaya kuchanganya jazz na roki. Kwenye albamu yao Third ya mwaka 1970, kipande kiitwacho Facelift kiliunganishwa kutoka maonyesho mawili ya Januari mwaka huohuo, moja Croydon na jingine Birmingham. Walibadili watu hivi kwamba mwasisi wa mwisho, mpiga kinanda Mike Ratledge, aliondoka mwaka 1976, na kundi likarekodi jukwaani Paris mwaka uliofuata bila mwasisi hata mmoja. Wapenzi wao hawalizungumzii kundi hilo kama kitu kimoja. Wanazungumzia kundi la mwezi fulani, la watu wanne hawa au wale watano, kwa sababu wana rekodi za majukwaani na za redio zenye tarehe na majina. Muziki wao ni mgumu kuliko benga kwa masikio mengi, na wasikilizaji wao ni wachache. Hata hivyo historia yao imenyooka kuliko ya Shirati, bendi iliyochezwa na watu wengi zaidi.

Hapo atasimama mtu na kusema: bendi halisi ni ile ya kwanza, au ile ya kiongozi wake, na wengine wote ni waigaji. Akiondoka Misiani, Shirati imekwisha. Mabadiliko ya wapiga gita ni habari ndogo. Pingamizi hili lina ukweli ndani yake na sitalipuuza. Sauti ya Misiani, na mafumbo yake ya kisiasa yaliyomtia matatani na serikali, hayakuwa na mbadala. Lakini linaanguka linapofika kwenye swali la "ya kwanza". Shirati ya kwanza ndiyo ipi, ya Victoria Boys au ya Luo Sweet Voice? Na kuhusu kiongozi, tuna mifano inayokataa. Prince Jully, kiongozi wa Jolly Boys Band, alipofariki mwaka 1997, mkewe, Princess Jully, aliishika bendi hiyo, na ni chini yake ambapo wimbo Dunia Mbaya, uliozungumzia Ukimwi wakati watu wengi walikuwa wakiunong'ona, ulisikika nchi nzima, hata nje ya jamii ya Waluo. Kama bendi ni kiongozi wa kwanza tu, basi wimbo unaojulikana zaidi wa Jolly Boys si wa Jolly Boys. Upuuzi huo unatosha kuonyesha kwamba kipimo ni kibovu.

Mfano mwingine uko karibu zaidi na mchanganyiko wa jazz na roki. Mwaka 2004 Ian Eagleson, Mmarekani aliyekuwa Kenya akitafiti benga kwa ajili ya shahada ya udaktari, na mwenzake Alex Minoff walikaa na Otieno Jagwasi, kiongozi wa bendi ya Extra Solar Africa, pamoja na mpiga dramu Onyango Wuod Omari, wakarekodi Nairobi kwa vifaa vichache. Wakajiita Extra Golden. Otieno alifariki mwaka 2005, kabla albamu hiyo, Ok-Oyot System, haijatoka mwaka 2006. Bendi ilikuwa imempoteza mwimbaji wake kabla dunia haijamsikia. Iliendelea na Opiyo Bilongo, ikaalikwa Chicago mwaka huohuo wa 2006, ikapata viza kwa msaada wa ofisi ya seneta aliyeitwa Barack Obama, ikamshukuru kwa wimbo katika albamu ya Hera Ma Nono ya mwaka 2007. Ukisikiliza albamu hizo mbili mfululizo, unasikia bendi mbili. Hiyo ya kwanza imejaa pumzi ya chumba, watu wamekaa karibu, wanasubiriana. Na ni kwa sababu ilirekodiwa karibu sana na hali ya kupiga pamoja ndiyo maana tunajua Otieno aliacha nini. Kama wangengoja studio nzuri na pesa za kutosha, tungekuwa na hadithi yake bila sauti yake.

Pingamizi la pili ni la ufundi: rekodi za jukwaani ni mbovu. Sauti inapasuka, chupa zinalia, mtu anapiga kelele karibu na simu inayorekodi. Ni kweli kwa nyingi, na hasa za siku hizi. Lakini ubovu huo unatokana na mahali simu iliposhikwa, wala si tabia ya asili ya kurekodi bendi ikipiga kwa pamoja. Ushahidi uko Dar es Salaam. Redio Tanzania iliziingiza bendi studioni kwake, bendi nzima ikapiga na kuimba kwa mkupuo mmoja bila kuongezewa kitu baadaye, na nyimbo zile bado zinachezwa kwa sababu zinasikika vizuri. Ni rekodi ya jukwaani isiyo na jukwaa. Na zimesaidia kweli kufuatilia uhamaji wa wanamuziki, jambo lililokuwa kama mchezo wa taifa. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964, ikaitwa Juwata, kisha OTTU, hatimaye Msondo Ngoma. Muhidini Gurumo na Hassani Bitchuka walitoka huko wakaingia Mlimani Park, iliyoundwa mwaka 1978. Mwaka 1985 wakachotwa pamoja na wenzao kwenda Orchestra Safari Sound. Baadaye Gurumo akarudi Msondo na Bitchuka akarudi Mlimani Park. Mpenzi wa dansi anakutajia miaka hiyo kwa kusikia sauti tu, kwa kuwa redio iliirekodi bendi kila ilipokuwa na nyimbo mpya. Pwani ya Dar ilikuwa na chombo cha umma kilichofanya kazi hiyo. Kusini mwa Nyanza ilibaki kwa wafanyabiashara wa santuri, na walipoondoka santuri zilikwisha.

Wapo pia wanaoona pakruok inaharibu muziki, kwamba rekodi yenye majigambo kila baada ya dakika mbili haisikilizwi na mtu asiyekuwepo. Kwa anayetafuta burudani ya garini, wana haki. Kwa anayetafuta kujua bendi ilifanya kazi vipi na ililipwa vipi, kuikata pakruok ni kukata risiti.

Pingamizi lililo zito kuliko yote ni la haki. Mtu anayerekodi onyesho kwa simu na kulisambaza anawaibia wanamuziki, na kuzisifu rekodi hizo ni kumsifu mwizi. Hapa nakubali zaidi kuliko ninavyopinga. Sheria ya Hakimiliki ya Kenya ya mwaka 2001 inampa mtumbuizaji mamlaka juu ya kurekodiwa kwa onyesho lake, na anayelirekodi bila idhini ili aliuze anavunja sheria. Lakini angalia upande wa pili wa sheria hiyo. Haki anayopewa mtumbuizaji ni ya kila aliyepiga, si ya mwenye jina la bendi peke yake, na chama kama PRISK kiliundwa ili kuwakusanyia watumbuizaji malipo yao. Ili ulipwe lazima ijulikane ulipiga. Hapo mpiga besi aliyekaa na bendi miaka miwili kisha akahama anakuwa kama hakuwahi kuwepo, kwa sababu alama yake pekee ni santuri yenye jina la kiongozi. Tatizo, basi, ni kurekodi ovyo bila idhini na bila majina, na dawa yake ni kurekodi kwa makubaliano, siku na mahali vikaandikwa, na kila aliyepanda jukwaani akatajwa kwa jina na ala yake.

Hili si jambo la kuagiza kutoka nje, maana limewahi kufanyika hapahapa. Mtafiti wa muziki Hugh Tracey aliporekodi Kenya mwaka 1950, kwa Waluo na kwa Wakipsigis, aliandika kumbukumbu za mahali, wakati na wapigaji, akiwa na mashine nzito kuliko gunia la mahindi. Ni kwa kumbukumbu hizo ndipo maktaba ya ILAM ya Afrika Kusini iliweza, zaidi ya miaka 60 baadaye, kurudisha nakala za rekodi kwenye jamii zilizorekodiwa. Aliyekuwa na gari la mitambo alifanya hivyo kwa wageni asiowajua. Mwenye simu leo anawajua wapigaji wote kwa majina ya utani na hata nyumba zao, na anaandika juu ya faili jina la bendi tu.

Muda nao una mpaka. Kwa sheria hiyo ya 2001 haki ya mtumbuizaji hudumu miaka 50 kuanzia mwisho wa mwaka wa onyesho, kwa hiyo kilichopigwa mwaka 1976 kinafikia ukomo mwishoni mwa 2026. Familia ya mpiga besi wa mwaka ule inayotaka kudai chochote kwa jina lake inahitaji kuthibitisha kwamba alikuwepo, na santuri haitawasaidia. Kanda ya ukumbini ambamo mwimbaji anamwita kabla besi haijaingia ingewasaidia, iwapo ingekuwa na tarehe.